Ukienda Ujerumani kutoka Dodoma: jifunze kwanza kuacha kuitikia usichokielewa

Kila baada ya wiki chache hodi inapigwa hapa kwangu Nkuhungu. Anaingia kijana, mara nyingi binti, mama yake nyuma. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, au anakwenda kukaa na familia alee watoto wao kwa mwaka mmoja. Swali la kwanza huwa lilelile: "Dada, hivi baridi ya kule ikoje?"

Baridi dawa yake ni koti. Mimi nimekaa Dresden miaka minne, mitatu ya mafunzo ya uuguzi na mmoja wa kazi, na kilichonitesa kilikuwa kineno kidogo tu: "ja", yaani ndiyo.

Tumelelewa hivyo. Mkubwa akikueleza jambo, unaitika. Hata kama hujaelewa unaitika vilevile, halafu unamvuta mwenzako pembeni: "Kasemaje?" Hapa kwetu mambo yanakwenda, kwa sababu mwenzako yupo, na mkubwa mwenyewe anajua kwamba "ndiyo mama" ya kwanza ni ya heshima tu. Kule "ja" ni sawa na kusaini kwamba mzigo umeupokea. Ukishasaini, usirudi kusema hukuuona.

Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowafundisha hao vijana sebuleni, kwa mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Anza lugha ukiwa bado unakula kwa mama

Kijerumani kinapimwa kwa ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Anayekwenda kulea watoto huombwa A1. Anayekwenda kusomea uuguzi asipungue B1, na waajiri wengi wanataka B2. Nikuambie ukweli: A1 ni ya kuomba maji na kuuliza choo. B1 utaelewa mwalimu anapoongea nawe, lakini hutaelewa wauguzi wawili wanapoongea wao kwa wao, na kazi yote iko kwenye hayo maongezi yao.

Mtihani unafanyika Dar es Salaam, Goethe-Institut. Zamani safari hiyo ilikuwa inakula siku nzima kwenye basi. Sasa ukipanda SGR hapa stesheni ni saa nne hivi umefika, na hizo saa nne ni za kusoma. Ukiwa nyumbani, Deutsche Welle, hawahawa ambao babu zetu walikuwa wanawasikiliza kwa Kiswahili redioni tangu 1963, wana masomo ya Kijerumani ya bure kwenye intaneti, na pia habari zinazosomwa taratibu kwa ajili ya wanafunzi. Sikiliza dakika 20 kila siku. Usiruke siku ukidhani utafidia Jumamosi.

Watakutisha na "der, die, das". Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Vitu vitatu vya sahani moja, jinsia tatu. Mwingereza hapo analia. Wewe usilie. Tangu una miaka mitatu unasema "kiti kidogo kimevunjika" na "mti mdogo umevunjika" bila kujiuliza kwa nini. Umekulia kwenye ngeli zaidi ya kumi, hizi tatu ni za kuchezea. Siri ni moja: usikariri "Löffel" peke yake. Kariri "der Löffel" kama neno moja, ulimi uzoee.

Kinachotusumbua sisi ni matamshi. Neno la Kiswahili linapenda kuishia na irabu, kwa hiyo "Strumpf", soksi, mdomoni mwetu inatoka "sutulumpufu". Rudia mbele ya kioo hadi irabu za ziada zidondoke. Wadogo zako watakucheka. Waache wacheke.

Jambo la mwisho kabla hujatoa hela kwa wakala yeyote: muulize TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama anatambulika. Halafu kaa chini ulinganishe jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya NECTA na pasipoti, herufi kwa herufi. Hapa "Rehema" na "Rehma" ni mtu mmoja. Kule ni watu wawili, na mmoja wao hana cheti.

Hatua ya 2: Saa na namba

Wengi wanairuka hatua hii, kisha inawagharimu kazi.

Sisi saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Mkono wa saa uko kwenye nane, sisi tunasoma mbili. Mjerumani akisema "um acht", yaani kwenye nane, anamaanisha saa mbili. Hilo utalizoea kwa wiki moja. Mtego uko kwenye nusu. "Halb drei" ukiitafsiri neno kwa neno utapata nusu na tatu, nawe utaona ni tatu na nusu kwa hesabu yao, yaani saa tisa na nusu yetu. Sivyo. Ni nusu ya *kuelekea* tatu: 14:30, saa nane na nusu mchana. Umeshachelewa saa nzima, na umechelewa kwa watu ambao dakika tano wanakuomba radhi.

Dresden wana la ziada. "Viertel drei" ni saa nane na robo, na "dreiviertel drei" ni saa tisa kasorobo. Mjerumani wa kutoka magharibi naye hapo anababaika, kwa hiyo usione haya. Fanya hivi: ukipewa muda wowote, urudishe kwa tarakimu, "vierzehn Uhr dreißig?", ukiwa unauandika. Hakuna atakayekasirika.

Na namba zao zinatembea kinyumenyume: 21 ni "moja-na-ishirini". Mtu akikutajia namba ya simu kwa jozi, utaandika 12 badala ya 21 na utampigia fundi bomba ukidhani ni daktari. Mwombe ataje tarakimu moja moja.

Hatua ya 3: "Sijaelewa" itoke kwa sauti

Mwezi wangu wa tatu kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilipokea zamu saa kumi na mbili asubuhi. Msimamizi anasoma orodha mbio mbio. Bwana wa chumba cha 14, leo "nüchtern". Ananiangalia.

"Verstanden?" Umeelewa?

"Ja."

Neno lenyewe nilikuwa nalo. Nililikariri kabla hata sijapanda ndege: nüchtern, mtu ambaye hajalewa. Nikajisemea moyoni, kumbe huyu mzee ana tabia ya kunywa, leo tumshukuru Mungu yuko timamu. Nikaenda chumba cha 14. Kweli, timamu kabisa, ananitania. Nikampa mkate, siagi, jemu, na kahawa vikombe viwili maana aliomba cha pili.

Saa mbili akaja mtu wa kuchukua damu. Nüchtern ina maana ya pili: aliye na tumbo tupu. Mzee alitakiwa asitie kitu mdomoni.

Hakufa mtu, damu ilichukuliwa kesho yake. Msimamizi wala hakunifokea. Aliuliza swali moja: "Kwa nini ulisema ja?" Mimi nikafanya kama ambavyo ningefanya mbele ya mama mkubwa: nikanyamaza, nikashusha macho, mikono nikaikunja mbele. Nilikuwa naomba radhi kwa mwili mzima. Akasema, "Niangalie ninapoongea na wewe." Yeye alichokiona ni mtu anayeficha jambo.

Tangu siku hiyo nina sentensi tatu, na kila anayekuja hapa ninamlazimisha kuzikariri kabla ya chai:

– *Das habe ich nicht verstanden.* Hilo sijalielewa.

– *Können Sie das bitte langsamer sagen?* Unaweza kulisema polepole zaidi?

– *Ich wiederhole:* Narudia. Kisha unarudia kwa maneno yako ulichoambiwa.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu. Ningesema tu, "Narudia, bwana wa 14 hajalewa," wangecheka wote hadi machozi, na mzee angebaki na njaa yake salama.

Fanya mazoezi hapahapa. Mama akikutuma Soko la Majengo, usiseme "haya" ukaondoka. Mwangalie usoni umrudishie: "Narudia mama: nyanya sado moja, dagaa wa elfu mbili, karanga za kusagwa kwa ajili ya mlenda, na chenji isipungue." Siku ya kwanza atakuuliza umekuwa mwalimu lini. Mweleze ni mazoezi ya safari. Mazoezi ya macho ni magumu kuliko ya mdomo, na usiyafanyie kwa babu. Tafuta rika lako.

Hatua ya 4: Salamu, pole, karibu

Mzee wa Chamwino au Mpwapwa akikupokea kwa "mbukwenyi", salamu ndiyo imeanza tu. Anataka habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na kama mvua imenyesha huko utokako. Kule mfanyakazi mwenzako atakupita koridoni, "Wie geht's?", yaani habari gani, naye bado anatembea. Jibu ni "Gut, danke, und dir?", nzuri, asante, na wewe? Basi. Usianze kumweleza mguu wa shangazi. Mchana utasikia mtu anakwambia "Mahlzeit!", neno lenye maana ya wakati wa chakula, hata kama hashiki sahani. Ni salamu. Mrudishie hilohilo.

Lakini msiseme Wajerumani hawasalimii. Ingia chumba cha kusubiri cha daktari ukae kimya, utaonekana huna adabu. Unaingia, unasema "Guten Morgen" kwa wote, wote wanaitika, kisha kimya kinarudi. Nilipoliona hilo nilijisikia niko kwetu kwa sekunde tano.

Kiswahili kinamwita kila mtu "wewe". Heshima yetu iko kwenye shikamoo na kwenye kumwita mtu mama, mzee, kaka. Kijerumani heshima iko kwenye hilo neno la "wewe" lenyewe. Mtu mzima usiyemjua ni "Sie". "Du" ni ya marafiki, watoto na ndugu, na mkubwa ndiye anayetoa ruhusa ya kuhamia huko. Mwache aanze yeye. Wazee niliowahudumia nilikuwa natamani niwaite bibi na babu. Usifanye hivyo. Kumwita mama wa miaka 85 "Oma" wakati si bibi yako, wengine wanaona unamfanya mtoto. Ni Frau fulani, jina la ukoo, mwisho.

"Pole" haipo. Siku moja mama mmoja aliangusha fimbo yake nami nikaropoka "Entschuldigung!", kwa sababu kamusi yangu iliniambia hiyo ndiyo pole. Akanishangaa: "Wewe si hujafanya kitu?" Entschuldigung ni ya mwenye kosa. Ukitaka kumwonea mtu huruma kwa jambo zito, msiba au ugonjwa, sema "Das tut mir leid". Fimbo ikianguka, iokote tu. Na "pole na kazi" nimeitafuta miaka minne sikuipata. Karibu yake ni "Schönen Feierabend", ambayo unamtakia mtu jioni njema kazi inapoisha. Inatosha, ingawa haipozi kama pole.

"Karibu chakula" nayo haipo. Mtu atafungua kopo lake mezani mbele yako, atakula hadi mwisho, hatakuangalia. Hakuchukii. Angekukaribisha ungedhani ana shida. Mkienda mgahawani mhudumu atauliza "zusammen oder getrennt?", bili ya pamoja au kila mtu yake. Hapa aliyesema "twende tukale" ndiye anayelipa. Kule alisema "twende" tu. Usiende na nauli pekee mfukoni.

Siku ya kuzaliwa: keki unaleta *wewe* mwenye siku. Na usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe; wanaamini inaleta mkosi, hata wale wanaokuambia hawaamini chochote.

Kumtembelea mtu bila kupanga, sahau. Kuna neno "Termin", ahadi ya siku na saa, nalo linatawala kila kitu, kuanzia daktari hadi kahawa ya rafiki. Jumapili maduka yamefungwa na kelele marufuku. Hata chupa tupu hutupi siku hiyo. Zile za plastiki zenye dhamana usizitupe kabisa, zinarudishwa dukani, mara nyingi senti 25 kila moja.

Hatua ya 5: Barua

Utaandikiwa barua kuliko ulivyowahi kuandikiwa maishani. Ndani ya wiki mbili za kuhamia kwenye nyumba unatakiwa ujiandikishe ofisi ya mji. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo, kwa sababu posta haiulizi majirani "yule Mtanzania anakaa wapi". Bahasha ya njano ni ya kisheria: tarehe iliyofika imeandikwa juu yake na muda umeanza kuhesabika. Ndani tafuta neno "Frist", siku ya mwisho. Hata kama hujaelewa kitu kingine, hilo lielewe, kisha umpelekee mtu akusomee leo, si wikendi.

Ukiumwa, toa taarifa kazini *kabla* zamu haijaanza. Kutuma ujumbe saa nne asubuhi kwamba uliamka vibaya ni kosa, hata uwe unaumwa kweli. Na kwenye mafunzo ya uuguzi miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio.

Hatua ya 6: Kijerumani cha mtaani sicho cha darasani

Watu wa Dresden wanasema "nu" wakimaanisha ndiyo, na "nee" wakimaanisha hapana. Wiki ya kwanza nilidhani kila mtu ananikatalia. Kokote utakakopelekwa, siku ya kwanza muulize mwenzako mmoja: hapa ndiyo wanasemaje, hapana wanasemaje, na salamu ya asubuhi ni ipi? Mengine yatakuja.

Kuna pia shule za jioni za watu wazima, Volkshochschule, zimejaa nchi nzima. Kozi ya serikali kwa wageni ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na maisha ya nchi. Ukipewa nafasi usiikwepe kwa kuwa "tayari una B1".

Hatua ya 7: Macho ya watu

Utaulizwa unatoka wapi. Utajibu Dodoma, watauliza ni nchi gani. Wengine watataka kushika nywele. Mzee mmoja alikataa kabisa nisimwogeshe, hakuficha sababu.

Nina kipimo changu. Anayeuliza kisha akasubiri jibu, mjibu. Mwambie hata "shule" tumeichukua kwenye Kijerumani, na "hela" ni Heller, sarafu yao ya wakati wa ukoloni. Wazee walilipenda sana hili. Mmoja alikuwa ananiomba "hela" kila asubuhi. Na kabla hujamhukumu mwuliza swali, kumbuka Waturuki walipokuwa wanajenga SGR hapa kati, watoto wetu walivyowakimbilia wakipiga kelele "mzungu! mzungu!" na sisi wakubwa tukicheka.

Anayeuliza bila kutaka jibu, au anayetukana, huyo ni jambo jingine. Dresden ndiko maandamano makubwa ya kupinga wageni yalikoanzia 2014, na jioni za Jumatatu nilikuwa nabadilisha njia ya kurudi nyumbani. Hapa ndipo ukimya wetu unapotuumiza mara ya pili. Tunasema "achana naye", tunameza. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, kisha mpelekee msimamizi kwa maandishi. Kuna sheria tangu 2006 inayokataza kubaguliwa kazini kwa asili yako. Yule mzee alihamishiwa kwa mwenzangu, ambalo sikulipenda, lakini aliitwa akaambiwa maneno yale hayasemwi pale. Nisingeandika, ingebaki siri yangu na yake.

Hatua ya 8: Waswahili wenzako na simu ya nyumbani

Utawapata Watanzania. Utapikiwa ugali, utalia. Nenda. Ila usipange nao nyumba mwaka wa kwanza kama una njia nyingine. Niliona dada mwenye B2 safi akirudi B1 kwa mwaka mmoja, kwa sababu kazini alikuwa anaitikia na nyumbani anaongea Kiswahili.

Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Mwezi huo utataka kupiga simu nyumbani kila siku, na huku tuko mbele yenu kwa saa mbili, saa moja tu wakati wa kiangazi chao. Piga. Lakini kuhusu hela, taja kiwango kimoja utakachotuma kwa mwezi, ukiseme kwa mama *kabla ya kuondoka*, mjomba akiwepo kama shahidi. Ukianza kupangiwa kwa simu, huna pa kuishia.

Hatua ya 9: Ukija likizo

Nilipokuja mara ya kwanza nilifika kwa mama mdogo Makole saa nane kamili, kama tulivyopanga. Alikuwa hata hajaanza kuchambua mchele. Akawa ananisimulia habari za ukoo nami nimemkazia macho, nasubiri amalize niseme "narudia". Akanyamaza katikati.

"Mbona unanikodolea hivyo mwanangu? Nimekukosea nini?"

Kwa hiyo siku tatu za mwanzo: saa ibaki kwenye begi, shikamoo itangulie, macho yashuke. Ukiambiwa "karibu chakula" usijibu kwamba umeshakula. Nawa mikono, umege tonge mbili.